Waayalandi Walivyoipenda Lengalenga ya Mama

Mwaka huu nimependwa sana. Si na mume, si na ndugu, si na watu wa kanisani. Nimependwa na mashabiki wa muziki wa Kiayalandi. Wako Australia, wako Kanada, wako Ayalandi kwenyewe, na wengine wako hapa hapa Durban, juu kule Berea, wanakunywa bia nyeusi kila Jumapili mchana. Wameandika wenyewe kwamba wananipenda, na mapenzi yao yamenitia hasira ambayo mpaka leo nikiosha sahani navunja.

Nieleze kabla sijavunja nyingine.

Ninafanya kazi jikoni kwenye baa moja ya Kiayalandi huko Berea. Imepakwa rangi ya kijani mpaka chooni, ukutani kuna picha za kondoo na mvua, na ndani yake hakuna hata mmoja aliyezaliwa Ayalandi. Meneja alizaliwa Chatsworth, hapa hapa Durban. Mpishi mkuu ni mama wa Kizulu kutoka Umlazi, na ni mkono wake unaopika ile supu ya kondoo na viazi ambayo wateja wanasema inawakumbusha bibi zao. Anayemenya viazi vya kuwakumbusha bibi zao ni mimi, mtu wa Bukavu. Wapiga muziki ni wazee wanne wanaokaa duara karibu na dirisha. Wa violini alikuwa daktari wa meno. Wanaanza saa tisa mchana, wanaacha saa kumi na mbili, na kwa kweli wanapiga vizuri. Hilo siwanyimi. Mara nyingi miguu yangu jikoni ilikuwa inacheza bila kuniomba ruhusa.

Jumapili mume wangu yuko lindoni, kwenye maghala ya Mobeni, na binti yetu wa miaka mitatu hana wa kukaa naye. Kwa hiyo baada ya kanisa namleta jikoni. Hairuhusiwi. Mpishi anajua, meneja anajifanya hajui, na mtoto anakaa nyuma ya magunia ya viazi na kisufuria chake. Ili atulie namwimbia. Lakini ninachomwimbia si wimbo. Ni mwito wa mama yangu.

Mama aliuza lengalenga katika soko la Kadutu, kule Bukavu, miaka yote niliyomjua. Watanzania wanaiita mchicha, Wazulu wanaiita imbuya. Ni mboga ya majani, haina siri. Pale sokoni kila muuzaji alikuwa na mwito wake, na wa mama ulikuwa huu: lengalenga-lenga, lengalenga-le, ya leo, ya leo, lengalenga-le. Aliutoa haraka haraka, na kwenye "leo" sauti iliruka juu kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Mnunuzi naye hakupita kimya. Ilikuwa lazima ajibu: "Ya leo kweli?" Hata kama umande ulikuwa bado unadondoka kwenye majani, lazima aulize. Kuulizwa ilikuwa ni heshima. Asiyekuuliza amekuona wewe na beseni yako kama mawe ya njiani. Akishauliza anageuza fungu kichwa chini, anatazama mashina yalipokatwa. Mkato mweupe ni wa leo. Mkato uliopiga weusi ni wa jana.

Na mama alikuwa na sheria moja ambayo hakuivunja hata tulipokuwa na njaa: mboga ya jana haiitiwi. Siku alipobakiwa na za jana alikaa nyuma ya beseni, midomo imefungwa, anayetaka achukue, asiyetaka apite. Nikitoka shule nilikuwa nasimama kwenye kona ya sokoni nisikilize kwanza. Nikisikia sauti ya mama, nilijua siku ni nzuri. Nisipoisikia, nilijua nisiombe daftari jipya.

Kwa sauti hiyo nilisoma mpaka diploma ya serikali, ile ya kumaliza sekondari.

Mama alikufa mwaka jana. Karatasi yangu ya ukimbizi ni ya aina ile ambayo ukitoka huruhusiwi kurudi, kwa hiyo nilimzika kwa simu. Mama mdogo aliinua simu yake juu ya kaburi ili nisikie. Wenzake wa sokoni, wale wa beseni, walipomaliza nyimbo za kanisa, mmoja akaanza mwito wa mama. Lengalenga-lenga. Mama mdogo akapiga kelele kwenye simu, "Jibu, mwanangu! Jibu, banakusikia!" Nikafungua mdomo. Mtandao ukakatika. Nilipowapata tena walikuwa wameshafika nyumbani wananawa mikono.

Sasa, hao watu wa kamera.

Walikuja Jumapili moja, miezi kama minane iliyopita. Meneja hakutuambia kitu sisi wa jikoni, maana jikoni hakuna watu, kuna mikono tu. Nilikuwa nimeinama kwenye ndoo ya viazi, namwimbia mtoto, mara mlango ukafunguliwa. Wakaingia wazungu watatu wamevaa makoti meupe ya karatasi na kofia za nyavu kichwani. Meneja ndiye aliyewavalisha, maana hupenda sana sheria wakija wageni. Mmoja ameshika faili. Sasa niambie wewe: mtu akiingia jikoni kwako na kofia ya nyavu na faili, utasema ni nani? Kwangu mimi alikuwa afisa wa afya. Moyo ukashuka mpaka kwenye ndala. Kwa mguu nikamsogezea mtoto gunia, nikamrushia kiazi ashughulike nacho.

Yule wa faili akatabasamu. Alisema amenisikia akiwa nje, niendelee, tafadhali, niendelee vile vile. Nikafikiri huu ni mtego. Nikinyamaza watajiuliza nilikuwa namwimbia nani. Basi nikaimba. Nilivaa glovu, nikaimba huku nikivitazama viazi usoni, kama mtu ambaye ndivyo alivyo, huimbia viazi. Kamera niliiona. Nilidhani wanapiga picha uchafu.

Nilipomaliza, yule bwana akauliza yale maneno yana maana gani.

Nyuma ya gunia nilisikia kisufuria kikigonga sakafu. Nikaona kazi inakwenda, nikaona kodi ya nyumba inakwenda. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma, nikamwambia kwa Kiingereza changu kizuri cha shule: "Si kitu, bosi. Si kitu kabisa."

Akafurahi kama nimempa zawadi. Akatoa karatasi, nikatia sahihi pale alipoweka kidole. Akanishukuru kwa mikono miwili, wakatoka. Mpishi mkuu alikuwa amesimama kwenye jiko na mwiko wake, ananitazama.

"Sisi," akasema, maana kwa Kizulu sisi ni dada, "ni maafisa wa afya gani hao wanaokushukuru?"

Nilimwambia anyamaze, tumshukuru Mungu hawakufungua friji.

Nilisahau. Kisha meneja akanitumia ujumbe: dokumentari juu ya safari za muziki wa Kiayalandi duniani itaonyeshwa Jumamosi saa kumi mchana, na wewe umo. Nikaenda kuitazama kwenye saluni iliyo chini ya jengo letu, Albert Park. Mwenye saluni ni mwanamke wa Uvira tunayemwita yaya, yaani dada mkubwa kwetu, kwa sababu ni mkubwa wetu na kwa sababu anapenda kuamrisha. Alizima muziki, akafukuza wanaume. Akamkalisha vizuri mteja aliyekuwa amesukwa nusu kichwa. Alikuwepo pia jirani yetu Mtanzania, muuza vitenge, mtu wa Kigoma, ambaye mdomo wake hauna breki. Tulinunua soda. Tulinunua sambusa. Nilivaa gauni la kanisani kwenda kujitazama mwenyewe nimevaa aproni.

Filamu ikaenda. Bwana wa faili alitembea ufukweni, upepo unacheza na nywele zake. Sasa hana kofia ya nyavu. Anaeleza jinsi muziki wao ulivyosafiri na mabaharia na wachimba migodi mpaka mwisho wa dunia. Mwisho wa dunia ukawa Durban. Wakaonyesha wale wazee wanne. Wakaonyesha kondoo wa ukutani. Halafu viazi, halafu glovu, halafu mimi.

"Ni weye! Ni weye!" yaya akarukaruka na kitana mkononi. "Angalieni jikoni safi! Kumbe unajua kumenya!"

"Kelele, tusikie," akasema Mtanzania.

Sauti yangu ikatoka. Ilikuwa nzuri, nisiwe mnafiki. Juu yake bwana akawa anaeleza. Kwao, alisema, zamani mtu ambaye hakuwa na violini aliimba ngoma kwa mdomo, kwa silabi tupu zinazorukaruka, zisizo na maana yoyote. Sanaa hiyo inapotea, wazee wake wanakufa, na angalia, ameikuta hai ndani ya jikoni la Kiafrika, kwa mwanamke ambaye pengine hata hajui imetoka wapi. Halafu wakaonyesha akiniuliza maana yake. Na mimi, uso mzima wa televisheni, meno yote nje: si kitu, bosi. Si kitu kabisa.

Violini ikaingia juu ya sauti ya mama, taratibu, ya kulia lia. Wakaonyesha bahari.

Mtanzania ndiye aliyeanza.

"Shoga. Ule si mchicha?"

"Ni mchicha."

"Sasa mbona umewaambia si kitu?"

"Nilidhani ni watu wa afya."

"Watu wa afya wanakataza mchicha?"

Yaya aliweka kitana mezani. Yeye anaijua Kadutu, alikuwa anakwenda kununua vitambaa huko, na mama yangu alimjua kwa sura. "Juu ya nini ulisema ile, weye? Mama yako alikuwa anauza si kitu? Beseni muzima ya si kitu? Na si kitu njo ilikulipia masomo?"

Mteja wa nusu kichwa alijaribu kuzuia kicheko, kikamtoka puani. Ndipo wote wakaangua. Walicheka mpaka yaya akalazimika kukaa. "Umemukana mama yako juu ya viazi!" alikuwa anasema, anajipiga mapajani. Hata mimi ningecheka, kama ningekuwa mtu mwingine. Nilikula sambusa tatu moja baada ya nyingine, sikusikia ladha ya hata moja, nikapanda juu kwangu.

Wiki iliyofuata ikawa ya mashabiki.

Meneja alikuwa ameweka kile kipande kwenye ukurasa wa baa, na watu wakamiminika kama kuna kinachogawiwa. Nilikuwa nasoma kwenye simu wakati mtoto amelala mchana. Mmoja aliandika kwamba alisimamisha gari pembeni ya barabara akalia. Mmoja alisema bibi yake alikuwa akiimba vile vile akikamua ng'ombe, sauti kwa sauti, kwa hiyo lazima nina damu ya baharia fulani wa kwao. Mwingine akakubali, akasema hata umbo la kidevu changu linaonyesha. Nikaenda kwenye kioo, nikakitazama kidevu changu. Ni cha baba yangu, Mshi wa kule Walungu, mtu ambaye hakuwahi kupanda hata mtumbwi. Wanaume wawili waligombana siku mbili nzima kuhusu mkoa gani wa Ayalandi ambako lengalenga-le yangu imetoka. Mmoja alisema kusini, kwa sababu ya jinsi ninavyokata pumzi. Mwenzake alisema magharibi, na kwamba mtu asiyesikia tofauti hiyo anyamaze. Wakatukanana vibaya. Sikujua kama niwatukane wote wawili au nimshangilie mmoja.

Lakini lililonichoma liliandikwa na mwanamke mmoja mpole, ameweka na ua mwishoni. Alisema: hayana maana, na huo ndio uzuri wake. Akanukuu jibu langu. Akasema ni hekima ya watu wasioharibiwa na shule. Watu mia na zaidi wakamwekea moyo.

Wasioharibiwa na shule! Mimi, na diploma yangu ya serikali iliyonunuliwa fungu kwa fungu!

Nikaandika chini yake, kwa Kiingereza, maneno matatu: Hii ni mboga.

Wakacheka. Waliweka vile vikatuni vya kucheka machozi. Walisema mimi ni mcheshi, na mnyenyekevu pia. Mmoja akajibu kwamba hata yeye ni mboga kila Jumatatu asubuhi. Sijui alimaanisha nini, lakini alipata mioyo mingi kuliko mimi. Nikaandika tena kwa kirefu, nikaeleza beseni, nikaeleza Kadutu. Yule wa kusini akanijibu kwa adabu kwamba mara nyingi wabebaji wa mila hizi huzitungia maana baadaye, na kwamba nisome kitabu fulani.

Kisha zikaja fulana. Meneja alizichapisha za kijani, na kifuani, kwa herufi za maua, jibu langu: Si kitu kabisa. Ziliisha kwa siku chache, akachapisha nyingine. Akaniletea moja jikoni, kubwa ya kumtosha mume wangu na rafiki yake.

"Jumapili utaimba mbele, mpenzi," akaniambia. Huyu humwita kila mtu mpenzi, hata anayeleta gesi. "Watu wanakuja mpaka kutoka Pietermaritzburg. Utaivaa hii."

"Nikiimba nitawaeleza ni nini."

"Eish, usieleze. Ukieleza unaharibu. Wewe imba tu, halafu tabasamu vile vile."

Nikaichukua ile fulana, nikafutia nayo sakafu ya jikoni mbele yake. Akafikiri nimemwaga kitu.

Lakini nilikubali kuimba, na sababu yangu ilikuwa moja. Nilikuwa nimesema mbele ya dunia nzima kwamba sauti ya mama ni si kitu, na haitoshi kujisahihisha kwenye simu ambako kila neno lako linageuzwa kichekesho. Nilitaka kusimama na fungu mkononi, niite mwito kamili, niwafundishe na jibu. Hata kama ni walevi wa bia nyeusi, watu mia wakiuliza "ya leo kweli?" kwa pamoja, ningekuwa nimelifuta lile neno.

Jumamosi mchana nikanunua lengalenga mafungu sita kwa Mrundi mmoja anayelima nje ya mji na kuileta Albert Park kwa gari la mizigo. Nikaiweka kwenye beseni na maji kidogo, na Jumapili baada ya kanisa nikaipandisha Berea kwa taksi, mtoto kwenye goti moja na beseni kwenye lingine.

Baa ilijaa mpaka mlangoni. Kila ninapotazama naona vifua vya kijani: si kitu kabisa, si kitu kabisa. Jikoni mpishi mkuu alikuwa anakata kondoo. Alipoiona beseni akacheka.

"Umeleta magugu? Kwetu hii haiuzwi, sisi. Inaota yenyewe nyuma ya choo." Akanawa, akachukua fungu moja, na kwa mkono wa mtu aliyepika miaka thelathini akaligeuza kichwa chini. Akatazama mashina. "Hhayi," akasema. "Hii ni ya jana."

Nikachukua fungu lingine, nikageuza. Mikato ilikuwa myeusi, yote. Bila shaka ilikuwa ya jana. Niliinunua jana. Nilikuwa nimewaza sauti, nimewaza maneno ya Kiingereza, nimewaza hata viatu, na hilo sikuliwaza.

Nje meneja alikuwa anaomba watu wanyamaze. Ningeweza kwenda kuimba. Nani angejua? Mle ndani hakuna aliyejua kama lengalenga inaota au inashonwa. Nilisimama na lile fungu, na nakwambia kweli, nilimwona mama nyuma ya beseni yake, midomo imefungwa, ananitazama kama siku nilipoomba daftari.

Nikatoka na beseni, na aproni yangu, bila fulana. Walipiga makofi kabla sijafungua mdomo. Nikangoja waishe.

"Mimi niliulizwa maneno yale yana maana gani," nikasema, "nikajibu si kitu. Nilidanganya kwa sababu niliogopa. Lengalenga ni mboga, hii hapa. Mama yangu aliiuza sokoni, na mlichokisikia ni mama yangu anaita wanunuzi. Anasema: ni ya leo. Lakini hii niliyoshika ni ya jana. Ya jana haiitiwi. Kwa hiyo leo siimbi."

Nikafikiri, sasa wamesikia.

Halafu wakapiga makofi mara mbili ya yale ya kwanza! Wengine walisimama. Mwanamke mmoja mwenye fulana yake alikuwa anafuta machozi. Nilimsikia bwana mmoja akimweleza mkewe kwamba kunyamaza nako ni sehemu ya sanaa, kwamba wakubwa wote mwishoni hufika hapo.

Ni yule mzee wa violini tu, daktari wa meno, aliyeuliza swali lenye akili. "Sasa ya leo itapatikana lini?"

"Kesho," nikamjibu.

Baa nzima ikacheka, na hata mimi nilisikia nilichosema. Lakini nilishachemka, sikurudi nyuma. "Kesho saa moja asubuhi, Albert Park, mbele ya saluni, karibu na roboti, pale kwenye taa za barabarani. Nitaita. Njooni na mifuko."

Watakuja! Wote watakuja! Waliandika mpaka kwenye ukurasa, mioyo ya kijani imepangwa mistari. Meneja alinifuata jikoni. Nilidhani ananifukuza kazi. Alifunga mlango, akanong'ona:

"Jumapili ijayo fanya hivyo hivyo, mpenzi. Ile ya kukataa. Wameipenda kuliko kuimba."

Sahani ya kwanza ilivunjika hapo.

Jumatatu baa haifunguliwi. Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kwa Mrundi, na safari hii nilimgeuzia mafungu yote kichwa chini mpaka akaniuliza kama namtafutia mchumba. Yalikuwa meupe, yanatoa maji. Nikaweka beseni mbele ya saluni. Yaya alinipa kiti cha wateja, Mtanzania akaja na chai yake kushuhudia. Watoto wa shule walikuwa wanapita, na taksi zinapiga honi. Saa moja ikafika. Hakuna fulana ya kijani hata moja. Saa moja na nusu Mtanzania akatazama simu yake, akasoma ukurasa wa baa kwa sauti. Yule wa kusini, ambaye kumbe anaishi Toronto, ametuma baraka. Mwingine wa hapa hapa Durban ameuliza kama tunapeleka nyumbani.

"Wapelekee na mwiko," akasema Mtanzania.

Nilikuwa sijaita bado. Sijui nilikuwa nangoja nini. Nadhani nilikuwa nangoja wao.

"Weye," akasema yaya kutoka mlangoni. "Mboga ni ya leo ao si ya leo?"

"Ni ya leo."

"Sasa umefunga mudomo juu ya nini?"

Nikaita. Ya kwanza ilitoka mbaya, kama mlango wenye kutu. Ya pili ikafika kwenye "leo" na ikaruka juu pale inapotakiwa kuruka, na mtu mmoja ghorofa ya tatu akafungua dirisha. Ya tatu nikasimama. Binti yangu aliacha kisufuria chake akanitazama kwa mashaka. Alizoea kuisikia nikiwa nimeinama, kwa sauti ya kunong'ona.

Aliyevuka kwenye roboti alikuwa mpishi mkuu. Siku yake ya mapumziko, amepanda taksi mbili kutoka Umlazi, amevaa kofia ya kwenda kanisani na ameshika mfuko wa plastiki uliokunjwa vizuri mara nne. Hakunisalimu. Alikuja mpaka kwenye beseni, akasimama, akaniangalia kama hajawahi kuniona maishani mwake. Nilikuwa nimemsimulia desturi za Kadutu mara ngapi sijui, tukimenya viazi, na sikujua kama alikuwa anasikiliza.

"Eyanamhlanje ngempela?" akauliza. Ya leo kweli?

Nilitaka kujibu. Nikafungua mdomo, kama siku ile ya simu, na neno halikutoka. Akangoja kidogo, akachukua fungu, akaligeuza. Mikato ilikuwa myeupe kama meno, nilikuwa naiona mwenyewe. Akakunja pua.

"Umenyamaza," akasema, kwa sauti ya kusikika mpaka saluni. "Basi ni za jana."

Mwongo! Mbele ya watu! Damu ikanipanda, na maneno yakatoka yenyewe.

"Ya jana ni macho yako!" nikampigia kelele, kwa Kiswahili, maana hasira hiyo haina Kiingereza. "Vaa miwani, mama! Mimi siiti mboga ya jana!"

"Anasemaje?" mpishi akamuuliza Mtanzania.

"Anasema ni ya leo," akajibu Mtanzania.

Mpishi akafungua mfuko wake, kunjo baada ya kunjo, akachukua mafungu mawili. Yule wa ghorofa ya tatu alikuwa ameshateremka na ndala mguuni, na kabla hajanifikia akaanza kupaza sauti kutoka mlango wa jengo, ananishuku, anataka kujua kama ni ya leo kweli.